Mbio za baiskeli: barabarani, milimani au uwanjani?

Swali: Ndugu zangu, tangu Kigali iandae mashindano ya dunia ya barabarani mwaka 2025, ya kwanza barani Afrika, najiuliza: kati ya mbio za barabarani, milimani na uwanjani (kwenye njia maalumu ya kuzunguka), ninyi mnapenda zipi?

Jibu: Barabarani, bila shaka. Anayemfuata mwenzake kwa karibu hukingwa upepo na kuokoa nguvu, hivyo ushindi hutegemea timu nzima. Ndiyo maana nilimshangilia mno Biniam Girmay wa Eritrea alipotwaa jezi ya kijani, ya anayeongoza kwa pointi, katika mbio za Tour de France za Ufaransa mwaka 2024.

Jibu: Mimi napenda milimani, ambako kila mtu hupambana mwenyewe na mawe, mizizi na matope.

Jibu: Uwanjani. Baiskeli haina breki, na pedali huzunguka muda wote gurudumu linapozunguka. Ujasiri wa kuiendesha hivyo unanivutia.