Pikipiki ya mtumba ya safari ndefu: Suzuki, BMW au Honda?

Msafiri wa Tudor: Assalaam alaykum, ndugu zangu. Nataka pikipiki ya mtumba ya safari ndefu, na nimebakiwa na tatu: Suzuki V-Strom 650 ya 2013, BMW R1200GS ya 2009 na Honda Africa Twin CRF1000L ya 2016. Naomba ushauri, kwani muuzaji mmoja anataka jibu kabla ya Jumamosi.

Fundi Changamwe: Waalaykumu salaam. Kaka, umetutajia pikipiki ukasahau kujitaja mwenyewe. Una shilingi ngapi, una urefu gani, utapakia mtu, na safari zako ni za lami au za vumbi?

Bi Nyali: Mimi sihitaji kungoja majibu yake. Achukue V-Strom, ambayo injini yake ya silinda mbili haina makuu, na tangi lake la lita 20 hunifikisha Mtito Andei mafuta yakiwa bado tele.

Mzee wa Shafti: Mwanangu, hapa ni pwani, na hewa ya chumvi hula mnyororo. BMW hiyo inatumia shafti, yaani mtaimbo unaozungusha gurudumu la nyuma badala ya mnyororo, nawe utabaki na kazi ya kubadilisha oili tu.

Fundi Changamwe: Kwa heshima yako, mzee, shafti ikiharibika haitengenezwi kando ya barabara. Mnyororo ukisafishwa kwa mafuta ya taa na kupakwa oili ukiwa bado na moto wa safari, hudumu hata hapa kwetu.

Abiria wa Voi: Mnabishana juu ya mnyororo, lakini mimi lililonitesa ni tairi. Mwaka 2018 nilinunua pikipiki iliyokuwa iking'aa, tairi zake zina meno kama mpya, nikaondoka nayo siku ya pili. Saa nane mchana, kabla ya kufika Maungu, tairi la nyuma likapasuka, nikayumba hadi ukingoni huku lori la makontena likinipita kwa honi ndefu. Nilipochuchumaa kulitazama niliona nyufa nyembamba zimeuzunguka ubavu wote, na tarakimu nne ambazo sikuwa nimezisoma: 2309, yaani lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2009.

Bi Nyali: Pole sana. Ndiyo sababu Africa Twin hiyo siitaki: magurudumu yake ya spoku yana tyubu, na msumari ukiingia lazima ung'oe gurudumu, ilhali la V-Strom unaliziba kwa kipande cha mpira likiwa pale pale.

Mzee wa Shafti: BMW nayo haina tyubu.

Msafiri wa Tudor: Ahsanteni. Nina futi tano na inchi tano, mke wangu atapanda nyuma, na safari ya kwanza ni Tanga kupitia Lunga Lunga. BMW niliikalia jana, miguu ikagusa chini kwa ncha za vidole tu.

Fundi Changamwe: Basi jifikirie kwenye mteremko wa feri ya Likoni, umesimama kwa ncha za vidole, una zaidi ya kilo 220 chini yako na mke nyuma, na watu wanakusukuma.

Mzee wa Shafti: Apite barabara ya Dongo Kundu, isiyohitaji feri.

Fundi Changamwe: Dongo Kundu haitamwongezea urefu, mzee. Kaka, na ile bei bado hujaisema.