Naomba ushauri: saa za Tanganyika kabla ya 1961 kwenye kompyuta

Wakuu, habari za kazi. Tunaingiza kwenye kompyuta daftari za zamani za maji kujaa na kupwa bandarini Dar es Salaam, tukigeuza saa zote kuwa UTC (saa ya kimataifa inayotumika kama kipimo cha saa za nchi zote). Ukurasa mmoja wa 1955 unasema maji yalijaa 6.10 asubuhi (kwa saa ya Kizungu, yaani 6:10 a.m.). Je, hiyo ni 3:10 UTC au 3:25?

Nauliza kwa sababu hifadhidata ya kanda za saa ambayo kompyuta nyingi hutumia (tzdata, ile ya IANA, shirika linaloratibu majina na namba za intaneti) siku hizi inaifanya Africa/Dar_es_Salaam kuwa kiungo tu cha Africa/Nairobi, maana saa zao zinalingana tangu 1970. Hapo 1955 inatoka +3:00 (saa tatu mbele ya UTC). Lakini faili la backzone, zilikobaki rekodi za zamani, linasema Dar ilikuwa +2:45 kuanzia 1948 hadi 1961. Robo saa nzima, na kwa maji ya bahari si kidogo!

Kujenga tzdata upya kwa PACKRATDATA=backzone (chaguo la kuingiza rekodi za faili hilo) naweza. Tatizo ni kuliamini faili lenyewe, maana hata watunzaji wanaonya kuwa baadhi ya data zake ni dhaifu. Aliyewahi kupeleka sahihisho kule, walidai ushahidi gani? Tangazo la Gazeti la Serikali linatosha? Na magazeti hayo ya Serikali ya 1948 na 1961 nianze kuyatafutia wapi?