Tairi za mbele zimelika ndani, za nyuma kashata (meno ya tairi) imejaa, nibadili zipi?

MwanaMikindani: Wakuu habari za jioni. Nina gari Toyota IST, nipo Mtwara mjini, Ijumaa nampeleka mama kliniki Ndanda. Tairi za mbele zimelika upande wa ndani, huoni kitu mpaka ukunje usukani. Za nyuma nlichukua mtumba mwaka jana, kashata bado nene kabisa. Fundi wa pancha ananambia endesha tu mpaka uone nyuzi, mwingine anasema toa zote nne. Mvua zimeshaanza na hela ya nne kwa mpigo sina, nimsikilize nani?

Dereva wa Tandahimba: Kaka usisubiri nyuzi, ukiziona ujue hiyo tairi imekufa zamani. Chungulia ndani ya mifereji ya kashata kuna vituta vidogo vimekatisha, kashata ikilingana navyo imebaki milimita 1.6 na hapo ndo mwisho wake. Mi kwa mvua zetu hizi hata huko siifikishi, ikibaki 3 natoa, maana ile mifereji ndo inayotoa maji chini ya tairi, ikiisha gari inaelea, unakanyaga breki inaserereka tu kama mtumbwi. Kama huna kipimo chomeka njiti ya kiberiti, weka alama na kucha, pima kwa rula ya mtoto, ila pimia huko ndani kulikolika sio katikati. Na alaimenti (magurudumu yamekaa sawa au yamepinda) na bushi (vile vipira vya kwenye miguu ya gari) zikaguliwe kwanza, la sivyo utafunga mpya ziishe hivohivo.

FundiLindi: Mi wasiwasi wangu ni hizo za nyuma. Mpira unazeeka hata ukikaa stoo. Tafuta ubavuni palipoandikwa DOT, fuata mpaka mwisho kuna tarakimu 4, mbili za kwanza wiki, mbili za mwisho mwaka, yani 3517 ni wiki ya 35 mwaka 2017. Saa nyingine namba imegeukia ndani, itabidi ulale chini na tochi. Ikivuka miaka 6 ikague mara kwa mara, ikifika 10 itoe hata kama inang'aa. Angalia na nyufa, na ukikuta nundu usitoke nayo kabisa, nyuzi za ndani zimeshakatika hapo. Shemeji yangu tairi ilimpasukia Mtama mchana wa jua kali na kashata ilikuwa nzima, alikuwa na watoto nyuma, mpaka leo nikiona nyufa kwenye tairi roho haitulii.

Mama Korosho: Ukinunua mbili tu zifunge nyuma. Najua wengi wanaweka mbele, lakini nyuma ikiteleza kwenye maji gari linageuka lote.

MwanaMikindani: Asanteni sana. Nimelala chini na tochi ya simu sahivi, za mbele zinasoma 2219, hizo za nyuma nlizokuwa nazisifia ni 4012 na zina nyufa pembeni ya rimu. Ijumaa mama namkatia tiketi ya basi tunaenda wote, gari inabaki nyumbani mpaka nipate hela ya nne.