Mwanafunzi kanikwamisha: kama mvutano unavuta, mbona ulimwengu unatanuka?

Mwalimu wa Zamu
Wakuu, nafundisha fizikia kidato cha tatu. Juzi nilikata mpira wa tyubu ya baiskeli, nikauchora alama za chaki, kila alama galaksi moja (kundi kubwa mno la nyota), nikauvuta. Darasa likashangilia. Binti mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, mbona hata alama zimetanuka? Kwani na sisi tunatanuka?" Nikasema mvutano (graviti) unatushikilia. "Sasa kama mvutano unashikilia, galaksi zinaachanaje?" Kengele ikaniokoa. Nina kipindi Alhamisi, naombeni msaada.

Nyota ya Jaha
Mkuu, kilichokuponza ni chaki. Bandika vifungo vya shati, gundi tone moja tu katikati. Ukivuta, vifungo vinaachana lakini kifungo kinabaki vilevile. Galaksi ndiyo hivyo, imejifunga kwa mvutano wake. Hata majirani mvutano unawashika: galaksi ya Andromeda haitukimbii, inatujia kwa kilomita kama 110 kwa sekunde. Miili yetu ndiyo kabisa, inashikwa na nguvu za umeme kati ya atomi.

Kimondo
Na ile nishati ya giza, inayosemekana kuusukuma ulimwengu, ndiyo iliyoanzisha kutanuka?

Babu Darubini
Hapana kijana, hapo wengi wanateleza. Ulimwengu ulikuwa unatanuka tangu awali, miaka bilioni 13.8 iliyopita, na mvutano ukawa breki. Mwalimu, rusha embe juu mbele ya yule binti. Linapanda huku linavutwa chini, kwa hiyo linapunguza mwendo. Kupanda kwake hakumaanishi mvutano haupo.

Wanaastronomia walitegemea ulimwengu nao uwe unapunguza mwendo. Mwaka 1998 timu mbili zilizokuwa zikipima supanova (nyota zinazolipuka) za mbali zikakuta zimefifia kuliko ilivyotarajiwa, maana yake ziko mbali zaidi. Yaani embe limefika juu, badala ya kuchoka likaongeza kasi! Perlmutter, Schmidt na Riess wa timu hizo wakapewa Nobel mwaka 2011. Hicho kinachosukuma ndicho kinachoitwa nishati ya giza, na jina ni jina tu, asili yake hakuna aliyeijua.

Kimondo
Shikamoo Babu. Mbona haikusukuma mapema?

Babu Darubini
Marahaba. Ilikuwepo, ila ilizidiwa. Nafasi ikiongezeka, maada inakuwa nyepesi kama chai iliyoongezwa maji. Nishati ya giza yenyewe haizimuki, au inazimuka kidogo mno. Wanaoipima bado wanabishana. Maada ilipopungua nguvu, miaka kama bilioni 5 iliyopita, breki ikashindwa. Leo nishati hiyo ni asilimia kama 68 ya vyote vilivyomo ulimwenguni.

Mwalimu wa Zamu
Ahsanteni sana. Vifungo 6 nimeshanyofoa kwenye shati kuukuu, embe nitalipata gengeni. Ila yule binti namjua, atauliza ulimwengu unatanukia ndani ya nini.

Nyota ya Jaha
Hapo mkuu, omba kengele iwahi.