Tupeane uzoefu: kava la pikipiki likipasuka, wewe ulilitengenezaje?

Mwendo_Mdogo:
Wakuu, habari zenu. Kava la ubavuni la pikipiki yangu limepasuka kuanzia kwenye tundu la boluti, ufa umeshuka kama urefu wa kidole. Nimelipaka supaglu mara tatu. Kila mara linashika, nafurahi, halafu nikipita rafu rodi siku mbili tatu linaachia palepale. Kulitupa sitaki, maana kwingine kote ni zima. Aliyewahi kutengeneza plastiki ikadumu atupe kisa chake, na aliyeharibu naye aseme alikosea wapi.

Bisibisi:
Supaglu nami ilinisumbua. Ikikauka inakuwa ngumu kama kioo, na kava kazi yake ni kutetemeka kutwa. Plastiki inapinda, gundi haipindi, basi inakatika. Siku hizi naitumia kushikilia tu kipande kikae mahali pake wakati naandaa kazi yenyewe. Ukiinyunyizia unga wa bikaboneti ya soda inaganda papo hapo na unaweza kuipiga msasa. Inafaa kuziba pengo dogo, lakini sehemu inayobeba nguvu usiitegemee.

Fundi_wa_Nyumbani:
Mkuu, kabla ya gundi yoyote fungua kava uangalie kwa ndani. Mara nyingi kuna herufi zimechapwa za aina ya plastiki: ABS au PP. Dawa ya moja si dawa ya nyingine.

Langu lilikuwa ABS. Nilichukua vipande vya kava bovu la aina hiyohiyo, nikavikatakata vidogo, nikavitia kwenye chupa ya kioo na kumimina asetoni, kile kimiminika kinachoyeyusha ABS, hadi ikavifunika. Asubuhi nilikuta uji mzito wa rangi ileile ya kava. Mwisho wa ufa nikatoboa tundu dogo kwa keekee ya milimita 3, kwa sababu ncha ya ufa ni kali na ndiyo inayoendelea kuchana. Kisha nikauchonga ufa wote uwe mfereji wa umbo la V, nikasugua kwa msasa, nikajaza uji tabaka kwa tabaka. Upande wa ndani niliongeza kiraka kipana.

Nilipokosea ni haraka. Juu palikuwa pamekauka, nikafunga boluti jioni ileile, kumbe ndani bado laini. Pakabonyea. Mara ya pili niliacha siku mbili nzima na hadi leo pameshika. Asetoni inashika moto upesi sana jamani, fanyieni kazi nje, mbali na jiko na sigara.

Mama_Pikipiki:
Naongezea kwa wenye PP, maana mimi nilifuata njia hiyo ya uji kwenye madigadi ya mbele nikapoteza siku mbili. Ulibanduka wote kama ganda. Madigadi yangu haikuwa na herufi, lakini ukiigusa ilikuwa na utelezi kama nta. Baadaye nilikata kipande kidogo nikakitia majini kikaelea. PP huelea, ABS huzama.

PP inataka moto. Nilitumia pasi ya kulehemu nyaya: nikazamisha wavu mwembamba wa chuma kwa upande wa ndani, ukavuka ufa, halafu nikayeyushia juu yake vipande vya PP ileile. Lazima kingo zenyewe ziyeyuke zichanganyike na ulichoongeza, la sivyo umebandika tu. Ule moshi msiuvute, fungueni madirisha.

Barabara_Ndefu:
Tahadhari ndogo. Asetoni isiguse kioo cha taa wala kile cha kukinga upepo. Nilifuta tone moja kwenye taa kwa kitambaa chenye asetoni, pakawa na ukungu ambao haujatoka tena.

Mzee_wa_Trela:
Mimi nilitoboa matundu pande zote mbili za ufa nikaushona kwa vikamba vya plastiki vya kufungia nyaya. Urembo hamna, lakini mwaka wa tatu huu.

Raba_na_Washa:
Ndugu mwenye uzi, hujatuambia kwa nini lilipasuka hapo. Ufa ukianzia kwenye tundu la boluti, mimi hutafuta raba kwanza. Makava mengi yana raba kwenye tundu na kibomba kidogo cha chuma ndani yake, ili boluti ikibana ikibane kile chuma, isiiminye plastiki. Kikipotea, fundi anakaza hadi mwisho, na plastiki inabeba kila mtikisiko. Angalia halafu uturudie.

Mwendo_Mdogo:
Nimerudi wakuu. Nimefungua. Kwa ndani imeandikwa ABS. Tundu la upande wa pili lina raba na kile kibomba, hili lililopasuka halina chochote, na alama ya kichwa cha boluti imezama kwenye plastiki kabisa. Vipande nimeshaviloweka kwenye asetoni. Raba nimechonga kwa mpira wa ndani wa tairi, kibomba bado natafuta, na boluti hairudi mpaka kipatikane.