Sauti inaachwa na picha kwenye video ndefu: nikague wapi?

mikondo_huria
Wakuu, habari za kazi. Naandika programu huria ya kuunganisha faili ya picha na faili ya sauti, bila kusimba upya (kubana upya) chochote. Natumia libavformat, maktaba ya FFmpeg ya kusoma na kuandika faili za video na sauti. Video fupi zinatoka safi. Ya saa nzima, mwanzoni midomo na maneno vinaenda pamoja, ila mwishoni sauti iko nyuma kwa zaidi kidogo ya sekunde tatu na nusu. Nimeshauriwa niweke kitufe cha kusogeza sauti, lakini sitaki: ukirekebisha mwisho unaharibu mwanzo. Picha ni fremu 29.97 kwa sekunde.

bi_sampuli
Mkuu, umefanya vema kutaja kiasi, maana jibu limo humo. Saa moja ni sekunde 3600, na 3.6 ni moja ya elfu yake. Hiyo ndiyo tofauti ya fremu 30 na 30000/1001, kasi ambayo watu huikatisha wakaandika 29.97. Saa za vifaa viwili vya kurekodia nazo hupishana, lakini kwa kawaida kwa kiasi kidogo mno kuliko hicho. Kwa hiyo sauti yako haijachelewa, picha ndiyo inayokimbia. Kuna mahali kasi inakadiriwa kuwa 30, kisha unahesabu fremu.

Tafadhali usitibu kwa milisekunde. Fremu moja hapo ni milisekunde 33.37, ukiandika 33 ukaendelea kujumlisha, saa moja inakula karibu sekunde 40. Pakiti ya AAC (aina ya sauti iliyobanwa) yenye sampuli 1024, kwa kasi ya sampuli 48000 kwa sekunde, ni milisekunde 21.33, nayo haikatiki sawasawa. Hesabu muda kwa namba nzima, na kipimo chake kiwe AVRational, yaani sehemu ya namba mbili nzima kama 1001/30000.

Tena kwa kuwa unanakili tu, kwa nini uhesabu? PTS na DTS, yaani muda wa kuonyesha na muda wa kusimbua, zimo ndani ya pakiti. Zichukue, zipitishe kwenye av_packet_rescale_ts, inayozigeuza toka kipimo kimoja cha muda hadi kingine, basi. Ila time_base (kipimo hicho) ya faili unayoandika isome baada ya avformat_write_header, kwani hapo inaweza kubadilishwa.

jino_la_gia
Naunga mkono. Simu nyingi hurekodi kwa kasi inayopandashuka, kwa hiyo kuhesabu fremu kungekuumiza hata ukiwa na 30000/1001. Na leseni je? FFmpeg kwa kawaida ni LGPL, ila ukiijenga na libx264, maktaba ya kusimba video za H.264, inakuwa GPL, leseni huria yenye masharti makali zaidi. Wewe husimbi, iache nje.

mikondo_huria
Nimeikuta: lround(av_q2d(...)), inayokadiria kasi kuwa namba nzima, kwenye sehemu inayosoma chanzo. Nimeifuta, muda sasa unatoka kwenye pakiti, na ile ya saa nzima imekaa sawa hadi mwisho. Asante sana, bi_sampuli. Je, nifanyeje na H.264 ghafi (video isiyo ndani ya faili kama MP4), ambayo pakiti zake hazina muda?

bi_sampuli
Hapo mwambie mtumiaji ataje kasi mwenyewe, na upokee kasi iliyoandikwa kama sehemu ya hesabu: 30000/1001, 24000/1001, 25/1. Akiandika 29.97, mwulize kama anakusudia 30000/1001 kabla hujaandika hata pakiti moja.