Imuran au CellCept? Lupus imeamka tena

Dada_Tudor: Salaam wapendwa. Lupus, huu ugonjwa wa kinga ya mwili kujishambulia yenyewe, imeamka tena, asubuhi vidole havikunji hata pini ya mtandio nafungiwa na mtoto. Daktari kanambia nichague Imuran au CellCept, dawa za kutuliza kinga, nirudi na jibu Alhamisi. Ipi bora?

Kiboko: Bora kwa nani? Figo je? Mkojo una protini? Bado unazaa? Umetupa nusu habari.

MamaZuu: Hapo kwa kuzaa ndo penyewe. CellCept inaharibu mtoto tumboni, unaiacha wiki 6 kabla hujaanza kutafuta mimba. Imuran wajawazito wanameza. Mi timu Imuran, ila damu upimwe mara kwa mara maana chembe nyeupe zinashuka.

Abuu_Minnesota: Huku wengi washahamia dawa za lupus za mshipa. Benlysta ilipitishwa 2011, Saphnelo 2021. Wife yuko Saphnelo, dripu moja kila wiki 4. Na Saphnelo jaribio kubwa la kwanza ilifeli, la pili ikafaulu baada ya kubadilisha namna ya kuhesabu nani kapata nafuu, dawa ile ile!

Kiboko: Ndo nasemaga hayo majaribio siasa tupu.

Abuu_Minnesota: Siasa wapi? Lupus haina kipimo kimoja kama sukari, huyu ngozi yule viungo, wahesabuje? Ila mkanda wa jeshi ulimpata wife kweli, tulionywa.

Msafi: Dripu za bei ya kiwanja hizo tuachieni. Mniambie prednisoloni, hii steroidi ya kushusha uvimbe. Mdogo wangu kaimeza miezi, muuza mitishamba mmoja akamwambia hiyo ndo inakuvimbisha uso, acha uje kwangu, naye akaacha siku moja tu kama mtu anaacha soda, haikupita wiki anatapika, presha chini, kusimama hawezi, tukambeba usiku. Hospitali wanasema mwili ulishaacha kutengeneza steroidi ya kwake, ile inashushwa kidogo kidogo. Muuzaji simu hapokei.

Kiboko: Si mitishamba yote lakini. Habasoda je?

Msafi: Usinianze.

Dada_Tudor: Mkojo majibu bado. Kuzaa mume anataka, mi sijui. Plaquenil, kidonge kingine cha lupus, nameza miaka sasa.

MamaZuu: Macho unapima?

Dada_Tudor: Kwani lazima?

MamaZuu: Weee! Ikikaa miaka inagusa retina, ile ngozi ya kuonea nyuma ya jicho, na dozi inaenda na kilo zako. Una kilo ngapi?

Kiboko: Habasoda mi natumia na asali, nipo poa.

Abuu_Minnesota: Una lupus wewe?

Kiboko: Sina, ni gauti.